Kiungo Ndicho Chombo

Maji yakitoka, pwani ya Matondoni kisiwani Lamu hubaki tope, mikoko na vyombo vilivyolalia ubavu. Fundi huchutama kando ya mashua ambayo haijaonja bahari, akapitisha ncha ya kidole polepole pale ubao mmoja unapokutana na mwenzake. Macho hayaamini sana, anaamini kidole. Kidole kikinasa, hushika tezo, akaondoa ganda jembamba la mti, kisha akarudia tena tangu mwanzo. Mpita njia anaweza kudhani mzee anapumzika. Kumbe hapo ndipo panapoamuliwa kama chombo kitarudi na watu wake.

Mti wenyewe hauna ugomvi na maji. Ubao wa mbambakofi uliokomaa hukaa baharini miaka na miaka, na maji yasipenye katikati yake. Yanapenya kiungoni: baina ya ubao na ubao, baina ya ubao na mkuku, kuzunguka kila tundu la msumari. Watu wa pwani wamelijua hili tangu zamani sana. Nami kila nikiitazama historia yetu ya bahari, naiona kama majibu ya swali moja: vipande viwili vya mti vishikamane vipi hata bahari isipate njia? Tulijibu kwa uzi, tukajibu kwa msumari, na siku hizi tunajibu kwa bolti, gundi, hata plastiki. Kila jibu lilikuja na faida yake na maradhi yake.

Mji ulioitwa kwa mshono

Maandishi ya kale yanayoueleza mwambao wetu kwa urefu ni kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kazi ya mfanyabiashara aliyetokea Misri. Humo ametaja Rhapta, soko la mwisho la nchi aliyoiita Azania, na kueleza kwamba mji ulipata jina hilo kutokana na vyombo vyake, kwa kuwa neno lenyewe kwa Kigiriki linahusu kushona. Ametaja pia kisiwa cha Menuthias, ambako watu walitumia vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja kuvulia samaki na kukamatia kasa. Mahali Rhapta ilipokuwa panabishaniwa hadi leo. Ila jambo moja liko wazi: mgeni alifika na bidhaa zake, akaona pembe za ndovu na magamba ya kasa, lakini jina alilolichukua kwenda nalo kwao lilikuwa la mshono.

Mshono huo uliwashangaza wageni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wengine walitunga hadithi kwamba chini ya bahari hii kuna miamba ya sumaku inayonyofoa misumari, na ndiyo maana mafundi hawatumii chuma. Tayari katika karne ya 6 mwanahistoria Procopius aliikataa hadithi hiyo, akisema meli za Warumi zilizojaa chuma zilipita salama. Marco Polo aliviona vyombo vya namna hii Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba, mwishoni mwa karne ya 13, akavidharau: vimeshonwa kwa uzi wa makumbi ya nazi, alisema, na badala ya lami vimepakwa mafuta ya samaki.

Aliyeelewa ni Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alipokuwa katika visiwa vya Maldives aliandika kuhusu kamba ya makumbi na sababu ya kushonea vyombo. Bahari hii ina miamba mingi, alieleza. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kushonwa hulegea kikajikunja, kisha kikarudi. Hayo ni maneno ya msafiri aliyekaa na mabaharia na kuwauliza.

Machi 1498 Vasco da Gama alitia nanga kisiwani Msumbiji. Katika kumbukumbu za safari hiyo imeandikwa kwamba vyombo vya huko vilikuwa vikubwa, havikuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zilifungwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mkeka. Mwandishi wa kumbukumbu hizo akaongeza kwamba manahodha wa hapo walikuwa na dira na ramani za bahari. Kwa hiyo tusidhani walioshona walishona kwa kukosa maarifa. Walikuwa na dira mkononi na uzi kwenye mbao, na vyote viwili walivichagua.

Uzi wa makumbi na kichwa cha ngamia

Chombo cha kushonwa kilichodumu kuliko vingine vyote kwetu ni mtepe, na waliojulikana zaidi kwa kuujenga na kuuendesha ni Wabajuni wa visiwa vya kaskazini ya Lamu. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilisimama juu kwa shingo ndefu yenye kichwa. Wazee walisema ni kichwa cha ngamia wa Mtume. Ubavuni mwa omo palichorwa macho. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa kwa miyaa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa boriti za mikoko.

Kazi ya mtepe ilianzia ufukweni, kabla ya kugusa ubao. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wa pwani, mahali maji yanapojaa na kutoka, yakaachwa miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze na kubaki nyuzi tupu. Yalifukuliwa, yakapondwa, yakaoshwa, nyuzi zikasokotwa. Ukienda leo pwani ya mashariki ya Unguja utawakuta akina mama wakiifanya kazi hii hii, kwa harufu ile ile kali isiyotoka mikononi upesi. Uzi huu wa usumba una sifa ambayo kamba nyingi hazina: maji ya chumvi hayauui. Ukilowa hujaa, na ukijaa unabana.

Ndipo zikaja mbao. Ubao ulisimamishwa juu ya mwenzake, kingo mbili zikashikwa kwa vigingi vyembamba vya mti vilivyopigwa kwa mshazari, ili zisiteleze. Fundi alitoboa safu ya matundu kwa keekee kandokando ya kiungo, pande zote mbili. Uzi ulipitishwa tundu kwa tundu ukivuka juu ya kiungo, ukavutwa kwa nguvu zote za mtu, na tundu likazibwa uzi ukiwa bado umekaza. Ganda la chombo lilipokamilika ndipo mataruma yakaingizwa ndani kama mbavu, nayo yakafungwa kwa kamba. Mwili wote wa mtepe ulikuwa ngozi iliyoshonwa kwanza, kisha ikapewa mifupa.

Mtepe ulivuja. Hakuna aliyewahi kukataa hilo. Katika kila safari palikuwa na mtu ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, akiyafua usiku na mchana. Methali yetu inasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na baharia wa mtepe hakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Lakini chombo hicho kinachovuja kilipanda mchangani bila kuvunjika, kilikunjika juu ya mawimbi, na ubao ukiharibika ulikatiwa uzi, ukatolewa, ukawekwa mwingine, bila kutia jeraha kwenye zile mbao nyingine.

Msumari na ugonjwa wake

Chuma kiliingia taratibu. Wareno walikuja na meli za misumari, mafundi wa Ghuba na wa India wakaizoea, na kufikia karne ya 19, Seyyid Said alipokuwa ameufanya mji wa Unguja kuwa makao yake na biashara ya karafuu, pembe na watumwa ikavuta vyombo kutoka kila upande, msumari ulikuwa umeshinda kwenye majahazi makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika, na katikati ya karne hiyo haikuonekana tena baharini.

Watu husema msumari ulirahisisha kazi. Ulibadilisha kazi. Uzi husamehe kiungo kisicho sawa, kwa kuwa hujikaza wenyewe, msumari hausamehe. Mbao mbili zilizopigiliwa zikiwa na upenyo hubaki na upenyo huo, na kila wimbi linaupanua. Hivyo ukali wa kazi ukahama kutoka mkono unaovuta uzi hadi jicho na tezo.

Mtazame fundi anavyoandaa kiungo. Mbao mbili husimamishwa zikigusana, kisha msumeno hupitishwa katikati ya mstari unaozitenga. Meno hula kingo zote mbili kwa pamoja. Palipovimba panakatwa, palipoingia panaachwa. Mbao husogezwa tena, msumeno ukapita mara ya pili, hata kingo mbili zikatoka na sura moja. Ubao unaohitaji kupinda hupashwa moto na kunyweshwa maji, kisha huvutwa mahali pake kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukilia. Mataruma hayapindwi. Fundi huingia mikokoni, au huzunguka shambani, akitafuta tawi lililokua na pindo lile lile analolihitaji, maana mti uliopinda wenyewe nyuzi zake zinafuata pindo na haupasuki. Fundi mzuri huweza kuuona ubavu wa mashua ungali juu ya mti.

Msumari nao una adabu zake. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, jembamba kuliko msumari wenyewe, ili mti usipasuke. Chini ya kichwa cha msumari huzungushwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta. Hupigwa mpaka ncha itokee ndani, upande wa pili wa taruma, kisha hukunjwa na kulazwa kama kucha ya paka. Kichwa huzamishwa ndani ya ubao na kufunikwa. Ukiiacha ile pamba ndogo, hakuna atakayejua leo. Baada ya miaka michache, kila msumari utakuwa bomba.

Na hapa ndipo penye maradhi ya chuma. Miti mingi migumu ina asili ya ukali, ule unaolifanya ganda la mkoko kufaa kutengenezea ngozi. Ukali huo ukikutana na chuma na chumvi, mti hugeuka mweusi kuzunguka msumari na kulainika kama mkate uliolowa. Msumari huliwa na kutu, tundu likapanuka. Uzi wa makumbi ulipochakaa, mti ulibaki mzima. Msumari unapochakaa, huondoka na mti uliouzunguka.

Pamba, sifa na shahamu

Kiungo kikishakaa, huja kalafati. Pamba husokotwa kuwa uzi mnene, hutiwa mafuta, halafu hulazwa juu ya kiungo na kupigwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Mlio wake hubadilika kadiri pamba inavyoshuka: mwanzo ni mzito na wa kufifia, mwishoni ni mkavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango mgumu. Fundi anausikiliza mlio huo. Pamba ikipigwa kidogo itatoka na maji. Ikipigwa kwa hasira itakuwa kabari, itaachanisha mbao zile zile ilizoletwa kuziunganisha. Juu yake hupakwa deheni ili pamba isione jua.

Kisha chombo hupakwa. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Harufu yake huwafukuza wageni, na mtu wa pwani huisikia akiwa mbali akajua kuna chombo kinachotunzwa. Sifa huingia ndani ya mti, ikauzuia kukauka na kupasuka katika jua la kaskazi. Chini ya mstari wa maji hupakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, unaokandikwa kwa kiganja cha mkono ubao kwa ubao mpaka tumbo lote la chombo liwe jeupe. Weupe huo ni ngao. Katika maji yetu yenye joto yupo kiumbe wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, anayeingia kwenye mti akiwa mdogo sana na kukua humo humo akila njia yake. Ubao hubaki mzima kwa nje, huku ndani umekuwa sega la asali.

Shahamu haidumu. Kwa hiyo chombo hurudishwa ufukweni maji ya bamvua yakitoka mbali, kikaegeshwa ubavu, kikaparuzwa konokono na majani, kikapashwa moto wa makuti makavu uliopitishwa chini ya tumbo lake ili kuua kilichoingia, kisha kikapakwa upya, yote kabla maji hayajajaa. Bamvua haingoji. Utaona nahodha, mabaharia na watoto wa jirani wote wana mikono myeupe, wakimaliza ubavu mmoja maji yakiwa magotini.

Tumezoea kusema kupaka ni urembo. Kwenye chombo, kupaka ni nusu ya kazi ya kuunga.

Uzi haukufa

Itakuwa kosa kusema uzi ulikufa pamoja na mtepe. Itazame ngalawa inayotoka alfajiri Nungwi au Bagamoyo. Mwili wake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na pande zote mbili ina matengo yanayoizuia kupinduka. Matengo yameshikwa na mirengu, na viungo vyake hufungwa kwa kamba. Fundi wa leo ana misumari dukani, naye bado anafunga, kwa sababu kiungo hicho kinapigwa na kila wimbi na lazima kicheze. Ni sababu ile ile aliyoambiwa Ibn Battuta.

Watu wa Oman, ndugu zetu wa upande wa pili wa msimu, walirudia mshono kwa makusudi. Mwaka 1980 huko Sur kilijengwa chombo cha kushonwa kilichoitwa Sohar, nacho kikasafiri kutoka Muscat hadi Canton, Uchina, chini ya uongozi wa msafiri Tim Severin. Mwaka 1998 mabaki ya chombo cha kushonwa cha karne ya 9 yaligunduliwa baharini karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, kikiwa kimesheheni vyungu na bakuli za Uchina. Kwa kukifuata, Oman ilijenga Jewel of Muscat, ambacho mwaka 2010 kilifika Singapore bila msumari kwenye mbao zake. Unguja nako mtepe mpya ulijengwa ukawekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, ili watoto waone kwa macho kile ambacho babu zao walikipanda. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Siku hiyo nilihuzunika kama wengi, na nikajifunza kwamba ufundi unaowekwa kwenye jumba peke yake una dhamana ya ukuta tu. Ufundi hutunzwa na mikono ya wanaoufanya.

Mti mwingine

Mikono hiyo sasa inapungukiwa na mti. Mbambakofi mkubwa umekuwa adimu, tawi lenye pindo sahihi linatafutwa mbali, na Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, hatua iliyowagusa pia wakata mikoko wa Lamu. Msitu ulihitaji kupumua, na fundi alihitaji kazi. Injini nazo zimeleta madai mapya: mtetemo wake hulegeza viungo ambavyo tanga lilivilea kwa upole, na mafundi wamejibu kwa bolti na mbao nene za tezi.

Mwaka huo huo wa 2018 Lamu ilitoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga Flipflopi, dau la takriban mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, mwili wake ukafunikwa vipande vya ndala zilizotupwa vya kila rangi. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wengi walizungumzia rangi zake na taka. Mimi kilichonigusa ni viungo. Plastiki haifuati tabia ya mti: haina nyuzi, hupinda pale mti usingepinda, na hainywi maji ikavimba kujiziba. Mkuku ulipaswa kutafutiwa njia, mataruma yakapaswa kufikiriwa upya. Walioweza kulifumbua fumbo hilo ni mafundi wa tezo na randa, kwa kuwa wao ndio waliojua kiungo kinataka nini, hata kama mti wenyewe haupo.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa vyuo vyetu vya ufundi na kwa wazazi wa pwani. Kijana akifundishwa kupigilia tu, atajua msumari. Akifundishwa kiungo, atajua uzi, msumari, bolti na chochote kitakachokuja baadaye. Na afundishwe na majina yake: mkuku, fashini, taruma, tezi, omo, ngama. Neno likipotea, fundi hawezi tena kumtuma mwanafunzi akamletee kile kipande.

Mashua mpya ikishushwa Matondoni, siku ya kwanza huvuja. Mwenye chombo asiyejua hushtuka, akamtazama fundi. Fundi huingia ngamani, hutia mkono majini kupima kimo, kisha hukaa. Usiku kucha mti unakunywa. Mbao zinavimba, kingo zinasukumana, pamba inabanwa kati yake. Kukicha, fundi hushuka tena ngamani na kupitisha kidole kwenye kile kiungo alichokipima siku nyingi pwani. Safari hii kidole hakinasi popote, na kikirudishwa mwangani, ni kikavu.